Saa Tatu Bordeaux: Bei ya Zabibu Inabaki Mkononi mwa Nani?

Katika makala zilizopita tuliongea kuhusu kupogolea na kumwagilia. Leo naomba tutoke shambani kidogo. Nataka nikupeleke Bordeaux, Ufaransa, mji uliojulikana dunia nzima kwa mvinyo. Mwaka jana mwezi wa kumi nilikaa huko wiki mbili kwenye mafunzo mafupi ya kilimo cha zabibu. Jumamosi moja hatukuwa na darasa, nikajiunga na kikundi kidogo cha watalii wanaotembezwa mjini kwa miguu. Tulitembea saa tatu. Nimerudi na mambo ambayo naona yanatuhusu sisi moja kwa moja.

Hata kama hulimi zabibu, endelea kusoma. Kama unauza alizeti, karanga, vitunguu au asali, swali ni lile lile: kati ya shamba lako na mlaji, fedha inabaki mkononi mwa nani? Na kwa wasomaji ambao imani yao haiwaruhusu mvinyo, msiwe na wasiwasi. Hapa tunazungumzia biashara tu.

Kwa nini niliondoka na swali

Msimu uliopita katika kata yangu hapa Dodoma, mnunuzi mmoja aliahidi kuchukua zabibu za wakulima kadhaa. Siku ya kuvuna ikafika, gari halikuja. Wiki ikapita. Wewe unayelima unajua: zabibu ikishaiva haisubiri mazungumzo. Mzee mmoja jirani yangu alivuna kreti zaidi ya arobaini, akauza chache barabarani kwa bei ya kutupa, nyingine zikamuozea. Akaniambia anafikiria kung'oa mizabibu yote apande mtama.

Aliposikia nasafiri alikuja nyumbani jioni. Nikamwamkia, akaitikia, akasema: "Bwana shamba, huko unakokwenda watakuonyesha majumba. Usiniletee habari za majumba. Niangalizie mkulima wao anaishije, na nani anampangia bei." Nikamwambia, "Sawa mzee, nitaangalia." Kwa hiyo nilipoingia kwenye ile ziara, swali lake lilikuwa mfukoni.

Ziara ya kikundi kidogo inaendaje

Unaweka nafasi mapema na kulipa. Unaambiwa mahali pa kukutana na saa. Saa ikifika mnaondoka, aliyechelewa ameachwa. Tulikuwa watu wanane kutoka nchi mbalimbali, na mwongozaji mmoja, mama wa makamo mwenyeji wa mji huo, akizungumza Kiingereza. Kwa kuwa tulikuwa wachache kila mtu aliuliza maswali yake na kujibiwa. Mwishoni tulionja mvinyo wa aina mbili, kidogo sana, na kwenye meza palikuwa na chombo cha kutemea kwa asiyetaka kumeza.

Nilicholipa kilikuwa karibu sawa na mifuko miwili ya mbolea. Piga hesabu: watu wanane ni mifuko kumi na sita, kwa saa tatu. Yule mama hakuja na mzigo wowote. Alichouza ni kuujua mji wake vizuri na kuueleza kwa mpangilio. Nitarudi kwenye jambo hili mwishoni.

Kituo cha kwanza: soko lilikuwa kwa wasiolima

Tulianzia kanisa kuu la Saint-André. Hapo mwaka 1137 binti mrithi wa nchi ile, Aliénor wa Aquitaine, aliolewa na mfalme mtarajiwa wa Ufaransa. Ndoa ile ikavunjika. Mwaka 1152 akaolewa na Henry, na mwaka 1154 Henry akawa mfalme wa Uingereza. Kuanzia hapo Bordeaux ikawa chini ya taji la Uingereza kwa karibu miaka 300, hadi mwaka 1453.

Nilimuuliza mama yule, ndoa ya wafalme inahusiana nini na zabibu? Akasema inahusiana kabisa. Uingereza ni nchi ya baridi, mizabibu haikuwa ikistawi vizuri, lakini watu wake walitaka mvinyo. Bordeaux ina mto mpana, Garonne, unaoelekea baharini. Meli zikawa zinapakia mapipa kwenda kaskazini na kurudi na bidhaa nyingine.

Hapo nikakumbuka tabia yetu. Msimu wa zabibu ukifika sote tunapanga ndoo barabara ile ile, na kila anayepita ametoka kwenye kijiji chenye zabibu. Bei inashuka kwa sababu tunamuuzia mtu ambaye jirani yake anazo. Bordeaux ilitajirika kwa kumpelekea mtu ambaye hana.

Kituo cha pili: majumba ya mawe, na mwanamke wa shaba

Tukapita lango la zamani liitwalo Porte Cailhau, tukatokea ukingoni mwa mto, kwenye uwanja uitwao Place de la Bourse. Majengo yake ni ya karne ya 18. Yalihusika na mambo mawili ambayo mfanyabiashara yeyote anayajua: kupanga bei na kulipa ushuru. Mbele yake kuna sakafu pana ya mawe iliyofunikwa na maji ya kina cha vidole viwili tu, iliwekwa mwaka 2006, na majengo yanajiona humo kama kwenye kioo. Watoto wanachezea. Mwaka 2007 sehemu kubwa ya mji huu iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Mama yule akatuambia tuinue macho. Juu ya milango na madirisha kuna nyuso zilizochongwa kwenye mawe, na baadhi yake ni nyuso za Waafrika. Akasema wazi: utajiri huu haukutoka kwenye mvinyo peke yake. Katika karne ile ya 18 meli za Bordeaux zilibeba pia watumwa, na sukari na kahawa iliyolimwa na watumwa visiwani Karibi.

Mbele kidogo, kando ya mto, imesimama sanamu ya shaba ya mwanamke. Iliwekwa mwaka 2019. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Al Pouessi, alizaliwa upande wetu huu wa Afrika Mashariki, Ethiopia ya leo, karibu mwaka 1765. Alitekwa, akanunuliwa na ndugu wawili wafanyabiashara wa Bordeaux walioitwa Testas, akapelekwa kwenye shamba lao kisiwani ambako leo ni Haiti. Wakamwita Modeste Testas, yaani hata jina la ukoo lilikuwa la mabwana zake. Mjukuu wake alikuja kuwa rais wa Haiti.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko wenzangu. Sisi wenyewe tuna kumbukumbu za biashara hiyo na Wafaransa: mwaka 1776 mfanyabiashara wao aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watu 1,000 kila mwaka. Nakuandikia haya kwa sababu moja. Ukisifu utajiri wa mahali, uliza umetoka wapi wote. Lile swali la mzee wangu, mkulima anaishije, lina maana zaidi ukiwa umesimama mbele ya sanamu ile. Kuna waliofanya kazi na hawakupata kitu chochote, na majumba yakabaki kwa wengine.

Kituo cha tatu: mtaa wa Chartrons

Tukatembea kaskazini kufuata mto hadi mtaa uitwao Chartrons. Ni mtaa wa nyumba ndefu zenye maghala nyuma yake. Hapa ndipo nilipopata nusu ya jibu.

Wenye nyumba hizi hawakuwa wakulima. Walikuwa wafanyabiashara, wengi wageni kutoka Uholanzi, Uingereza, Ireland na Ujerumani. Mkulima alivuna, akakamua, akauza mvinyo ukiwa bado mchanga ndani ya mapipa. Mfanyabiashara wa Chartrons ndiye aliyeulaza ghalani, akauchanganya, akautia kwenye chupa na kuuza kwa jina lake mwenyewe. Kati yao alikuwepo dalali, aliyekwenda mashambani, akaonja, akaandika bei kwenye daftari. Madalali wapo mpaka leo, na malipo yao ya kawaida ni asilimia 2.

Pipa la Bordeaux linachukua lita 225. Chupa ya kawaida ni mililita 750. Kwa hiyo pipa moja ni chupa 300. Aliyeuza pipa alipata bei ya pipa. Aliyeuza chupa 300 zenye jina alipata bei ya chupa mara 300. Tofauti ile ndiyo iliyojenga mtaa.

Sasa sikiliza habari ya daftari. Mwaka 1855 palikuwa na maonyesho makubwa Paris. Ikatakiwa orodha ya mvinyo bora wa Bordeaux. Kazi wakapewa madalali. Hawakuanza kuonja upya. Walifungua daftari zao za bei za miaka mingi na kupanga mashamba ya wekundu katika madaraja matano, kwa kufuata ni nani amekuwa akiuza kwa bei gani. Daraja la kwanza yaliingia mashamba manne: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Orodha ile inatumika mpaka leo. Katika miaka yote hiyo ni shamba moja tu lililopandishwa daraja, Mouton, mwaka 1973.

Na Mouton hiyo ndiyo ina somo letu. Mwaka 1924 msimamizi wa shamba alikuwa kijana wa miaka 22, Philippe de Rothschild. Aliamua mvinyo wote wa shamba hilo utiwe kwenye chupa pale pale shambani, usiende Chartrons ukiwa kwenye mapipa. Alijenga ghala kubwa la kuhifadhia, na chupa zikatoka zikiwa na jina la shamba. Wengine wakafuata. Leo mnywaji anauliza shamba gani, haulizi ghala gani.

Naam, kijana yule alikuwa tajiri, sisi hatuna fedha zake. Lakini angalia alichokifanya: alisogeza hatua moja ya kazi kutoka mjini kuileta shambani. Hatua moja. Hilo linawezekana hata kwa watu wa kata yangu wakiungana.

Kuuza kabla ya wakati: wao na sisi

Jambo lililonishangaza ni kwamba hata wao huuza kabla bidhaa haijawa tayari. Mvinyo wa zabibu zilizovunwa mwezi wa tisa huonjwa na wanunuzi majira ya kuchipua yanayofuata, ukiwa bado kwenye mapipa. Wananunua na kulipa, na chupa zinakuja miaka kama miwili baadaye.

Utasema hiyo ni kama butura ya wenzetu wakulima wa kahawa wa Kagera, mtu anauza kahawa ikiwa maua. Hapana, kuna tofauti tatu. Kwanza, bidhaa ipo tayari ndani ya pipa na mnunuzi ameionja. Pili, bei inatangazwa na kila mtu anaijua. Tatu, mkataba unaandikwa, na dalali ni shahidi. Butura inafanyika gizani, mkulima akiwa na njaa au mtoto anadaiwa ada. Kosa haliko kwenye kuuza mapema. Ubaya uko kwenye kuuza bila kipimo, bila bei ya wazi na bila karatasi.

Mrututu na chokaa: zawadi ya wakulima wenyewe

Kuna jambo moja la shambani ambalo lazima nikueleze, maana wengi wenu mnatumia dawa za shaba bila kujua zilikotoka. Karne ya 19 mizabibu ya Ufaransa ilishambuliwa na ugonjwa wa ubwiri vinyoya, ule unaoanza na mabaka ya njano juu ya jani na ukungu mweupe chini yake. Katika eneo la Médoc, kaskazini ya Bordeaux, wakulima walikuwa na shida nyingine: wapita njia wanachuma zabibu. Wakawa wanarushia mizabibu ya kando ya barabara mchanganyiko wa mrututu na chokaa. Majani yakawa na rangi ya bluu ya kutisha, mwizi akaogopa.

Mwaka 1882 profesa wa chuo kikuu cha Bordeaux, Alexis Millardet, alipita Saint-Julien akaona mizabibu ya barabarani ina majani mazima, ya ndani imeungua kwa ugonjwa. Akauliza wakulima, akafanya majaribio, na mwaka 1885 akatangaza matokeo. Ndiyo dawa inayoitwa mpaka leo kwa jina la mji huo. Bahati ilianzia kwa mkulima aliyekuwa anafukuza wezi, na msomi aliyekubali kumuuliza.

Kumbuka mambo mawili. Dawa ya shaba inazuia, haiponyi. Ukisubiri jani liungue umechelewa. Na shaba haiozi, inabaki kwenye udongo mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana Ulaya wameweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Fuata kipimo cha kwenye kibandiko, usiongeze "ya uhakika".

Jibu la mzee

Tulipokaa kuonja, nikamuuliza mwongozaji lile swali: mkulima wa kawaida anaishije, na nani anampangia bei? Akaweka glasi chini. Akasema majina makubwa mnayoyasikia ni machache, na yanaishi vizuri. Lakini maelfu ya wakulima wa kawaida wanauza kwa jumla, kwa lita, kwa mfanyabiashara anayewapangia. Watu wanakunywa mvinyo mwekundu kidogo kuliko zamani, na bei ya jumla imeshuka. Mwaka 2023 ukaanzishwa mpango wa kuwalipa wakulima euro 6,000 kwa hekta ili wang'oe mizabibu yao.

Nilinyamaza. Nilikuwa nimesafiri kutoka kwa mzee anayetaka kung'oa, nikafika kwenye mji wenye jina kuliko yote, nikakuta nako wanang'oa. Tofauti ni kwamba wao wanalipwa kung'oa, sisi hatulipwi.

Kwa hiyo nilimrudishia mzee jibu bila kulipaka sukari. Jina la mji halimwokoi mkulima. Anayeuza kwa jumla, bila jina lake na bila mahali pa kuhifadhi, anapangiwa bei Bordeaux kama anavyopangiwa Dodoma. Anayepumua ni yule ambaye mazao yake yanaweza kusubiri, na ambaye mnunuzi anamjua kwa jina. Mzee alisikiliza, akaguna, akasema, "Basi shida ni moja, ila wao wana barabara za lami." Aling'oa theluthi ya shamba, ile mizabibu iliyozeeka, akaiacha mingine. Yeye na wenzake wanne sasa wanafuatilia namna ya kukamua pamoja. Bado hawajafika, nitawaambieni wakifika.

Wewe ufanye nini msimu huu

1. Nunua daftari. Andika tarehe ya kuvuna, kilo, jina la mnunuzi, bei, na kama alilipa siku ile. Daftari za madalali ndizo zilizopanga madaraja ya mwaka 1855. Ukiwa na daftari la misimu mitatu unaingia kwenye mazungumzo ukiwa na ushahidi.

2. Sogeza hatua moja shambani. Hatua moja tu. Kwa zabibu inaweza kuwa kukausha sehemu ya mavuno, au kukamua mchuzi wa zabibu kwa pamoja na kuuhifadhi. Kwa alizeti, kukamua mafuta. Kwa karanga, kumenya na kupanga kwa madaraja. Ongea na SIDO kuhusu mashine, na TBS kabla hujabandika nembo yoyote.

3. Usivune bila maandishi. Sisi Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, wao mara moja. Hiyo ni nafasi yetu, lakini pia ni hatari mara mbili. Kabla ya kuvuna, mnunuzi asaini kiasi, bei, siku ya kuchukua, na nini kitatokea asipokuja. Wakiwa wakulima wengi, ushirika wenu usaini kwa niaba yenu.

4. Pima sukari kabla ya kukata. Kifaa kimoja cha kupimia kinatosha kikundi kizima. Mnunuzi akisema zabibu zako hazijaiva, nawe uwe na namba yako.

5. Tafuta soko lisilo na zao lako. Wewe mchuuzi, kreti kumi ulizozipeleka mahali ambapo hakuna mzabibu zitakulipa kuliko thelathini ulizozipanga barabarani na majirani.

6. Fikiria ziara. Watu wanapita Dodoma kila siku kwa kazi na mikutano. Kikundi cha watu wanane, saa mbili, kijana mmoja wa kijiji anayejua historia ya zabibu zetu, tunavyopogolea, tunavyokamua, mwisho wanaonja na kununua. Inahitaji saa inayoheshimiwa, choo safi, kivuli, na mtu anayejibu maswali kwa ukweli, hata yale machungu. Yule mama angeweza kuipita ile sanamu kimya kimya. Hakufanya hivyo, na ndiyo maana nilimwamini aliponieleza na mengine.

Makala ijayo tutaangalia namna ya kuandika mkataba mfupi wa ukurasa mmoja kati ya mkulima na mnunuzi. Andaa daftari lako.

Kazi njema shambani.